Maji ya Mikebe Kumi na Miwili

Kwanza kabisa, alikuwa mkali. Siku hizi watu wakimtaja wanampaka upole, maana mtu akishakufa kila mmoja humkumbuka na tabasamu. Mimi nilikaa naye paseli kwa paseli, viwanja vyetu vikitengwa na ua tu, miaka kumi na mmoja, pale Kalemie kando ya ziwa, enzi za Zaire, na ninasema alikuwa mkali, mbishi, tena mwenye kelele. Mtaa mzima tulimwita Papa wa Nyuki. Jina lake la kweli ninalijua, lakini acha likae. Mtu niliyemfanyia ubaya sina haki ya kulitembeza jina lake.

Ubaya wenyewe nausema mapema, nisije nikatafuta njia ya kuukwepa. Niliua nyuki wake, halafu nikamwacha aamini kwamba aliwaua yeye mwenyewe kwa kusahau. Miaka minne nilimwacha hivyo. Na kama kuna kitu mzee yule alikiogopa duniani kuliko vyote, ni kusahau.

Alikuwa seremala wa karakana ya reli, amestaafu. Mizinga yake mitatu aliiunda kwa mbao za masanduku ya mizigo, akaiweka nyuma ya nyumba chini ya upenu, mvua isiifikie, kila mmoja juu ya meza yake ndogo ya miguu minne. Matundu ya kutokea nyuki aliyaelekeza kwenye ua mrefu wa miti, si kwenye njia, ili nyuki akitoka apande juu kwanza na kupita juu ya vichwa vya watu. "Ukimuelekeza kwenye njia atapita kwenye uso wa mutu," alikuwa akisema, "mutu atapunga mukono, na hapo njo vita inaanza." Pembeni aliweka karai la maji lenye mawe ndani, nyuki wapate pa kusimama wakinywa wasizame.

Sukari ilipoanza kuadimika madukani, watu wa biro, yaani makarani wa ofisini, watu wa bandari, hata walimu wenzangu, kila mmoja alitaka mzinga nyuma ya nyumba. Wakaja kwake. Mungu wangu, aliwatesa! Swali la kwanza halikuwa una mbao au huna. "Jirani zako munapatana?" Ukisitasita tu, umekwisha. "Rudi ukapatane nao kwanza. Nyuki hajui mwisho wa paseli yako." Aliyepita hapo aliambiwa aanze na mizinga miwili: mmoja ukidhoofika peke yake hutajua, kwa kuwa huna wa kuulinganisha nao, na kumi itakuhamisha mtaani. Aliambiwa asivae nguo nyeusi, asijipake manukato, asisimame mbele ya tundu, afungue jioni jua likipoa, na moshi wake usiwe wa moto. "Weka mukono wako mbele ya moshi. Unakuunguza? Basi na wao unawaunguza." Akichomwa akwangue mwiba kwa ukucha, asiubane kwa vidole, maana kuubana ni kujisukumia sumu. Na asali asikombe yote. Nyuki naye anakula, alisema, tena yeye njo alilima.

Karani mmoja wa bandari alikuja Jumapili baada ya misa, amevaa abakosti nyeusi, suti ya enzi zile, amenukia mpaka barabarani. Papa wa Nyuki akamtazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Wewe, unakuja kuona nyuki ao unakuja kuoa?" Karani akacheka, akasogea mbele ya mzinga aone vizuri. Mimi nilikuwa upande wangu natwanga sombe, majani ya muhogo. Nikasikia "Mama yangu weee!" na kiatu kimoja kikaingia kwangu bila mwenyewe. Baadaye mzee alimkalisha kwenye kiti, akamkwangua miiba mmoja mmoja, akimtukana polepole bila kupumzika, na alipomaliza akampa chupa ya asali bure. Wiki iliyofuata karani alirudi amevaa shati jeupe.

Sisi majirani wa ua tulikuwa na haki yetu. Kila alipovuna, kabla hajamuuzia mtu yeyote, alizunguka na chupa, nyumba kwa nyumba, akigonga kwa fimbo. "Madame," aliniita hivyo kwa sababu nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, "kodi ya nyuki hii hapa. Wamepita juu ya nguo zako mwaka muzima." Na kweli walipita, na kuzichafua walizichafua, lakini nani angelalamika na chupa iko mezani?

Yeye mwenyewe hakuila asali. Alisema inamuuma meno. Alikunywa chai ya sukari ya dukani, vijiko vitatu, na sukari ikikosekana aliinywa chungu huku amekunja uso, na asali imejaa ndani ya nyumba. Ziwa nalo alilipa mgongo. Alizaliwa kando ya maji yale na hakuwahi kupanda hata mtumbwi kwa hiari yake. Watu walimchokoza: Papa, binti yako yuko Moba, boti inakwenda, huendi kumuona? Anajibu kwamba binti ana miguu. Kwa watu alipiga kelele, kwa nyuki alinong'ona. Asubuhi kabla ya kunawa uso alikwenda nyuma, nikamsikia kupitia ua: "Mumeamka? Haya. Haya." Halafu anageuka na kumfokea mwenye mbuzi aliyepita barabarani.

Siku moja kundi la nyuki lilitua kwenye mlingoti wa bendera ya shule yetu, wakati wa kusimama mstari. Watoto mia na zaidi, direkta, mkuu wa shule, anatoka jasho, hakuna wa kusogelea kamba. Aliitwa. Alikuja na sanduku tupu alilolisugua ndani kwa nta na majani ya mchaichai, akapanda ngazi mikono mitupu, akalikung'uta kundi lote ndani kama mtu anayemwaga unga. Watoto walipiga makofi, akawafokea wanyamaze. Nilimuuliza kwa nini hawakumchoma. "Hawa wametoka kutafuta nyumba, Madame. Hawana asali, hawana watoto. Mwenye hana kitu cha kulinda, atamuchoma nani?" Hao ndio walioujaza mzinga wa tatu.

Sasa nifike kwenye kichwa chake, maana ndicho nilichomharibia.

Alijivunia kukumbuka. Tarehe ambazo kila mzinga uligawanyika, siku za kuzaliwa za watoto wangu wanne, namba za mabehewa aliyoyatengeneza ujana wake, vyote alivitaja bila karatasi. Wale makarani walipokuja na madaftari yao waandike mashauri, aliwanyang'anya kalamu. "Kichwa changu njo biro yangu," alisema, akijigonga paji. Nilidhani ni majivuno. Halafu mwaka mmoja, tukiwa tumekaa kwenye barza yake, aliniambia habari za kaka yake mkubwa, ambaye mwisho wake alisimama mbele ya mlango wa nyumba yake mwenyewe akiwauliza wapita njia nyumba yake iko wapi. "Kufa, Madame, ni kazi ya kila mutu. Lakini vile? Mungu aniepushe." Akainuka kwenda kuangalia mizinga ambayo alikuwa ameiangalia dakika tano zilizopita.

Dada yake alipofariki Moba, ilimbidi apande boti. Aliogopa mpaka midomo ikawa kijivu. Aliniachia ufunguo wa paseli na maneno mengi sana, na mimi, nasema ukweli, nilimsikiliza kwa sikio moja, kwa sababu nilikuwa nimeshazoea kelele zake. Moja nalikumbuka: "Usiguse kitu. Maji nimeshatia."

Kila mguu wa kila meza ulisimama ndani ya mkebe mkubwa wa maziwa ya unga. Meza tatu, mikebe kumi na miwili. Ndani yake maji, na juu ya maji mafuta machafu ya mashine. Nilikuwa nimeiona miaka yote ile. Niliwahi kujiuliza ni ya nini? Hapana. Maji ya kunywa nyuki wanayo kwenye karai, nikaona haya mengine ni ujinga wa mzee tu.

Jumamosi ikafika, na Jumamosi ni salongo. Wenye umri wangu wanakumbuka: asubuhi kila mtu nje na jembe na fagio, kazi ya lazima, na mtu wa usafi anapita akichungulia. Siku ile alikuja na jambo moja, akiniita sitwayene, yaani raia, kama tulivyoitwa wanawake enzi zile. "Maji yote yaliyosimama mumwage, sitwayene. Yanazaa mbu. Nikirudi nikikuta hata kikombe, ni amande, utalipa faini. Na kwa huyo jirani yako vilevile."

Nikasema sitaki mzee atoke kuzika akute amande. Na tena, niseme yote, nilikuwa mwanamke wa kujionyesha kwa usafi. Nilipenda mtu wa usafi aseme Madame hana mchezo. Basi nikaingia kwa Papa wa Nyuki nikiwa nimevaa kitenge cheupe, bila manukato, nikapita nyuma ya mizinga, taratibu, kama alivyotufundisha. Nilichota maji kwa kikombe, mkebe kwa mkebe, nikapangusa mafuta kwa kitambaa, nikasugua kwa majivu mpaka mabati yakang'aa. Hakuna nyuki hata mmoja aliyenigusa. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Jumapili jioni mvua ilinyesha, siafu wakahama. Kwangu walipita jikoni, nikawamwagia majivu na kulaani. Jumatatu nilikuwa shuleni. Jumanne mchana Papa wa Nyuki alirudi.

Nilimsikia akifungua mlango wa paseli, akaenda moja kwa moja nyuma. "Mumeshinda?" Kimya. Halafu nikamsikia akisema "Mama," mara moja, kwa sauti ndogo. Nikavuka.

Alikuwa amefungua mzinga wa kwanza. Masega yameliwa, ndani mabawa matupu, na siafu wachache waliochelewa bado wanabeba. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu, wale wa mlingoti, hivyohivyo. Yeye alikuwa amechuchumaa chini, kidole kimeingia ndani ya mkebe. Na pale ndipo nilipojua maji yale yalikuwa ya nini. Siafu hawezi kuvuka maji. Mtoto wa darasa la kwanza angelijua.

"Madame," akasema bila kuniangalia, "si nilikuambia nimetia maji?"

"Ulisema, Papa."

"Kumbe sikutia." Akazungusha kidole kwenye bati. "Angalia. Nimesugua. Nimesugua yote kumi na miwili, nikasahau kurudisha maji. Na huku kusugua kwenyewe sikumbuki, Madame. Hata kidogo."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Neno lilikuwa limefika kwenye ulimi, ninaapa. Nikasema, "Pole sana, Papa."

Hilo ndilo nililosema. Nilijiambia amechoka na safari, kesho nitamwambia. Kesho alikuwa na homa. Wiki iliyofuata nikaona ameshaanza kutulia, kwa nini nimtoneshe? Baada ya mwezi, ningemwambia vipi kwamba nilinyamaza mwezi mzima? Ndivyo uoga unavyojenga nyumba, na mimi nikakaa ndani. Loo, nilikuwa mwalimu, niliwachapa watoto kwa sababu ya uongo!

Alinunua daftari. Yeye, aliyenyang'anya watu kalamu! Akaandika ndani kila alichofanya: nimekunywa dawa, nimefunga dirisha. Kwenye mlango wa jikoni akaandika kwa chaki MOTO, kwenye pipa akaandika MAJI. Baadaye akaacha kabisa kuwasha mbabula, jiko lake la makaa, akiogopa ataacha makaa yanawaka. Binti wa jirani wa pili alimletea bukari, ugali wetu, mchana, na jioni akala iliyobaki, baridi. Akitoka kwenda misa alifunga kufuli, akatembea hatua kumi, akarudi kulishika. Hatua ishirini, akarudi tena. Mara nyingi misa ilimkuta njiani.

Watu walimletea makundi ya nyuki wayakung'ute masandukuni mwake. Alikataa. "Nyuki si wa mutu anayesahau." Wakija kuuliza mashauri aliwaambia wamwulize karani wa bandari. Mbao za mizinga miwili alizifanya banda la kuku, wa tatu ukabaki pale juu ya meza, mtupu.

Na kila mwaka, msimu wa mavuno, alikuja kugonga kwangu kwa fimbo yake. "Madame, unisamehe. Mwaka huu tena hakuna chupa." Mwaka wa kwanza nililia jikoni. Mwaka wa tatu nilijifanya sipo.

Mwaka wa nne binti yake alikuja kumchukua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, amechoka. Nyumba ameshapata mpangaji, boti inaondoka siku hiyohiyo. Nilivuka kusaidia kufunga mizigo. Papa wa Nyuki alikuwa amekaa kwenye kiti cha barza, koti la misa, daftari juu ya magoti. Binti akapiga magoti mbele yake. "Papa, kiatu cha kushoto njo hiki. Hapana, hiki. Dawa umekunywa? Angalia kwenye daftari." Naye akafungua daftari akaangalia, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu.

Binti akaninong'oneza, lakini si kwa chini sana: "Ilianza na zile nyuki, Madame. Aliniandikia barua: kichwa changu kimeisha. Toka siku ile."

"Siyo toka siku ile," nikasema. Nikakaa chini, sakafuni, mbele yake. "Papa. Maji nilimwaga mimi. Ilikuwa salongo. Nilimwaga nikasugua mikebe, nikadhani ninakusaidia. Uliporudi niliogopa kusema."

Binti alisimama na kiatu mkononi. Mzee aliniangalia. Macho yalikuwa yaleyale ya ukali, nikangoja anitukane. Niliyataka matusi yake.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.

"Kwa hiyo nilitia maji?"

"Ulitia, Papa. Yote kumi na miwili, mpaka juu."

"Na mafuta?"

"Na mafuta juu yake."

"Mbele ya kwenda kwenye boti. Nikitetemeka vile."

"Ukitetemeka vile, Papa. Ulitia yote."

Akafumba macho. Machozi yakatoka chini ya kope, na huku anatikisa kichwa kama mtu anayekubali hesabu. "Miaka mine, Madame," akasema. "Miaka mine nimekula bukari ya baridi." Nilimshika miguu. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kumuomba.

Nilimgeukia binti. Nikamwambia amwache basi, asimpeleke, akili ya mzee ni nzima. Binti alinijibu kwa adabu: mpangaji ameshalipa, tikiti zimeshakatwa, na yeye mwenyewe hana nguvu ya kuja na kurudi. "Ungesema zamani, Madame." Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya, lingeniuma kidogo.

Walitoka. Ufunguo waliniachia mimi, nimpe mpangaji. Mzee alikuwa wa mwisho kupita mlangoni, akashughulika na kufuli, akashuka ngazi. Daftari alilisahau kwenye kiti, au aliliacha. Walipofika barabarani binti akageuka. "Papa, umefunga mulango?"

Nilimuona akisimama. Nilihesabu moyoni: sasa atarudi, sasa atarudi kulishika.

"Nimefunga," akasema kwa sauti yake ya zamani, ile ya kumfokea mwenye mbuzi. "Twende." Wala hakugeuka nyuma. Aliteremka kuelekea bandarini akipiga fimbo chini, amenyoosha mgongo, mpaka kona ikamficha. Mwaka uliofuata boti ya Moba ilituletea habari kwamba amefariki.

Siku ile nilibaki pale peke yangu. Nikapanda ngazi kuchukua daftari. Kufuli lilikuwa limetundikwa tu kwenye pete, liko wazi.

Nililibana mpaka likalia, nikarudi kwangu. Hilo sikumwambia mtu.